Honi ya Asubuhi

Asubuhi ile honi haikulia, na sisi tuliokuwa juu ya ngazi tukajua chini ni salama. Ndivyo tulivyozoea. Honi ikikaa kimya, hakuna maji.

Ngazi yenyewe ipo kwenye jengo moja Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo. Inashuka chini ya ardhi kwenye stoo za wafanyabiashara, vyumba vimepangana kushoto na kulia, kila kimoja na mlango wa nondo. Mimi nauza makufuli pale mlangoni, kwa hiyo wenye stoo nawajua. Chumba cha mwisho kabisa, kule nyuma ukutani, ni cha Mama Anaeli, Mchaga wa Machame, muuza mashuka kwa jumla. Honi aliifunga binti yake, Joyceline.

Joyceline ni mwanasayansi. Mtaani wakisikia anaitwa dokta wanamletea vikohozi vyao. "Mimi dokta wa mafuriko jamani," anawaambia, "nendeni duka la dawa." Kazi yake ni kupiga hesabu za mvua: ikinyesha kiasi hiki, bonde la Msimbazi litajaa hadi wapi, nyumba zipi zitaingiwa. Ofisini kwao mjini wana kompyuta kubwa, imejaza chumba kizima chenye baridi kama bucha, na hesabu moja inaweza kuchemka humo wiki na wiki kama maharage makavu. Watafiti wanapanga foleni. Zamu yako ikifika unaweka hesabu yako, unasubiri.

Hiyo ndiyo inayomlisha. Ana nyingine anayoifanya kwa mapenzi tu. Akitoka ofisini, badala ya kupumzika anaandika programu zake ndogondogo. Kwaya ya kanisani kwao aliitengenezea moja ya kupanga nyimbo. Wabeba mizigo aliwatengenezea ya kuitana kwenye simu, nani ana mkokoteni mtupu na yupo mtaa gani. Stoo yetu akaitengenezea honi.

Vifaa alinunua hapahapa Kariakoo. Mwisho wa korido kule chini aliweka kipimo cha maji, kidude kinachoelea. Waya ukapanda hadi kwenye kiboksi juu ya ngazi, maana chini mtandao wa simu haushiki hata uuombee dua. Kwenye kiboksi akaunganisha honi ya pikipiki na betri yake. Kiboksi chenyewe hakikuwa na akili. Kilipeleka kipimo kwenye programu yake kwa mtandao, programu ikiona maji yamezidi inakiambia: piga.

"Sasa hiyo programu inakaa wapi?" nilimuuliza siku anafunga.

"Ofisini, babu. Kompyuta ya ofisini haizimiki. Umeme ukikatika wana jenereta."

"Na wenyewe wanajua?"

Akacheka, akaniomba nimshikie bisibisi.

Hawakujua. Kompyuta ile ni ya utafiti tu, na mtunzaji wake, bwana mmoja anaitwa Steven, hupita kila mara akifagia programu zisizo na kibali. Joyceline akafanya ujanja. Alichukua programu ya honi akaichomeka ndani ya hesabu yake kubwa ya Msimbazi, kama mtu anavyochomeka bidhaa ya mwenzie katikati ya robota lake la nguo. Steven akipita anaona hesabu moja ya mafuriko, halali, ina kibali. Ubaya wa mpango huo ni mmoja. Ukitaka kubadilisha lolote kwenye honi, sharti usimamishe hesabu nzima.

Mkuu wake, Dokta Athanas, alikuwa anahisi kitu. Mtu wa Masasi, mpole wa sauti, mgumu wa kanuni. Siku moja alimkuta Joyceline mezani na honi ya pikipiki.

"Joyceline, wewe ni mtafiti au fundi wa Kariakoo?"

"Vyote, dokta."

"Basi chagua mwenyewe, kabla hujachaguliwa."

Sasa, pale stoo tuna desturi. Asubuhi mwenye stoo akifungua anamwaga maji, ndoo nzima, mbele ya mlango wake, kisha anayasukuma kwa fagio. Ukiuliza utaambiwa ni vumbi. Vumbi lipo kweli, lakini ni biashara pia. Yanaitwa maji ya kufungulia, yanaita wateja, na lazima uyamwage kwa mkono wako mwenyewe, hutumi mtu. Waislamu wanamwaga na bismillahi, Mama Anaeli anamwaga na wimbo wa Kilutheri. Wakimwaga wote kwa pamoja maji yanakimbilia mwisho wa korido, kidude kinaelea, honi inalia. Wiki ya kwanza ililia kila asubuhi kama pikipiki iliyobanwa uchochoroni. Watu wakapanda mbio wamekumbatia mali, kumbe ni ndoo zao wenyewe.

"Zima hilo lidude lako, linafukuza bahati," Mama Anaeli alimwambia binti yake mbele yetu.

"Basi acheni kumwaga maji, mama."

"Maji haya nimeanza kuyamwaga wewe hujazaliwa. Ndiyo yaliyokusomesha mpaka ukajua kufunga honi."

Joyceline anaweza kubishana na profesa yeyote, lakini si na mama yake. Hesabu mpya ya Msimbazi ilikuwa inakaribia kuanza, akaandika humo sharti dogo, mstari mmoja: kila siku, tangu saa moja mpaka saa tatu asubuhi, vipimo vipokelewe na vihifadhiwe, lakini honi isipigwe. Mtaani tukashukuru. Hesabu ikaanza kuchemka.

Hiyo hesabu ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Ni ramani ya bonde zima, mtaa kwa mtaa. Ili iende haraka alizima hata sehemu ya kuhifadhi njiani, ile inayokuruhusu, hesabu ikikatika, uendelee ulipofikia. Ikikatika imekwenda yote. Na baada ya zamu yake kompyuta ilishaahidiwa kundi lingine hadi mwaka uishe. Mkataba wake wa kazi ulikuwa unaisha, wakubwa wakasema: tuone ramani kwanza.

Siku yenyewe mvua ilianza alfajiri, mvua nzito isiyo na radi, ya kumwagwa tu. Mimi na Kasmir tulijibanza mlangoni. Kasmir ni mkubwa wa wabeba mizigo wa jengo letu, mtu wa Songea, mdomo haupumziki. Hatukuwa na wasiwasi, kwa sababu honi ilikuwa kimya, tumesahau kwamba saa zile imekatazwa, na juu ya ngazi wenye stoo wamejenga tuta la saruji, na maji ya barabarani yalikuwa yanapita pembeni kama kawaida.

"Mzee Makufuli, leo ungeuza miavuli."

"Na wewe ungeenda Jangwani ukavushe watu mgongoni."

"Hiyo biashara ipo, mzee. Mnene bei juu."

Mama Anaeli akafika na gambuti zake, ndoo mkononi, mfuko wa plastiki kichwani.

"Shikamoo, Mama Joy."

"Marahaba. Kasmir, yale mashuka ya mteja wa Mtwara yapande leo. Usinipe hadithi za mvua."

"Mvua si ya kwangu mama, ya Mungu."

"Mungu hajaagiza mashuka."

Akashuka. Wenye stoo wengi hawakuja kwa sababu ya mvua, kwa hiyo alikuwa peke yake huko chini. Tukasikia ndoo ikimwagwa, tukasikia wimbo kidogo, kisha mlango wa nondo ukagongana na kufuli likabana. Akiwa peke yake hujifungia kwa ndani, mambo ya vibaka. Sisi tukaendelea na soga. Ngazi ilikuwa kavu.

Tusichokijua ni ukuta wa nyuma. Nyuma ya ukuta ule kuna mfereji wa zamani uliofunikwa na majengo, hata wenyeji wameusahau. Mvua iliujaza, na maji yakapata ufa nyuma ya marobota ya Mama Anaeli.

Saa hiyohiyo Joyceline alikuwa mkutanoni. Haya alinisimulia mwenyewe. Wafadhili walikuwa wamekuja kusikiliza kazi ya bonde, na hesabu ilitarajiwa kumalizika kabla ya chakula cha mchana, ili ramani waione kwa macho yao. Dokta Athanas amevaa tai. Mambo yanaenda vizuri. Mgeni mmoja, mama anaitwa Theopista, akanyoosha kalamu yake.

"Kwenye taarifa yenu mmetaja vipimo vya katikati ya mji. Hivyo vituo viko wapi?"

Vituo vyenyewe ni kimoja, ni kile kidude chetu. Joyceline alikuwa amekitumia kimyakimya kulinganisha hesabu zake na maji ya kweli. Dokta Athanas akageuka kumwangalia, maana hata yeye alikuwa anataka jibu hilo.

"Kariakoo," alisema. "Naweza kuwaonyesha sasa hivi."

Akafungua kompyuta yake, ukutani ukatokea mstari wa kipimo. Siku zilizopita zote zilifanana: asubuhi mstari unapanda kidogo, kinundu, kisha unashuka.

"Hivi vinundu ni nini?"

"Ni watu wanamwaga maji wakifungua stoo. Ni desturi yao." Wageni wakacheka kidogo. Hata Dokta Athanas.

"Na cha leo mbona hakishuki?"

Joyceline akatazama. Kinundu cha leo kilipanda, kikasita, kikaendelea kupanda. Akaanza kusema huenda leo wamemwaga mengi, neno likamfia mdomoni. Na mvua hii, nani kaja stoo? Anamjua mmoja tu ambaye mvua haimzuii.

Akampigia mama yake mbele ya watu. Haipatikani. Chini huwa haipatikani, hilo si jipya. Akampigia Kasmir. Simu ikaita mpaka ikakata. Simu ya Kasmir siku ya mvua inafungwa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko mwingine juu yake, inaingia mfuko wa kaptura iliyo ndani ya suruali. Utaisikia wapi. Yangu ilikuwa kwa fundi.

Mstari unapanda.

"Honi," Joyceline alisema. "Honi nimeizima mimi."

"Honi gani?" Dokta Athanas aliuliza.

Joyceline alishavuta kompyuta yake, anaandika, na kila anachoandika kinaonekana ukutani, wageni wanasoma. Dokta Athanas si mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Joyceline, hiyo ni hesabu ya Msimbazi. Unafanya nini nayo?"

"Naisimamisha."

"Imebakiza muda gani?"

"Kidogo tu."

"Sasa kwa nini..."

"Kwa sababu honi nimeificha ndani yake, dokta. Na mama yangu yuko chini."

Anasema kidole kilikuwa juu ya kitufe na hakikubonyea. Ile miezi yote ya kusubiri foleni ilikuwa pale chini ya kidole. Akajiambia, Kasmir tena, mara moja tu, huenda akapokea. Akapiga kwa mkono wa kushoto. Iliita. Macho yake kwenye mstari, na mstari ukavuka alama aliyoichora yeye mwenyewe siku ya kwanza, alama ya kwamba hapa mtu anatakiwa awe ameshatoka.

Akabonyeza.

Hesabu kubwa ikifa hailii wala haitoi moshi. Ukutani palitokea neno moja, basi. Joyceline akafuta lile sharti la asubuhi, akaiamsha programu ya honi peke yake, uchi, bila kibali, mahali ambapo Steven na dunia nzima wanaiona. Programu ikachukua muda kuamka. Dokta Athanas alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika kiti, anasema kwa sauti ya chini, "Haraka, haraka basi," kama anazungumza na ng'ombe mgumu.

Huku kwetu Kasmir alikuwa katikati ya kisa cha mteja aliyemkimbia na mkokoteni. Honi ikalia.

Kasmir akacheka. "Haya, Mama Joy na maji yake."

Nami nikacheka. Tulishacheka sana na ile honi, ilikuwa imetukimbiza bure asubuhi nyingi. Nikainama niendelee kufunga makufuli yangu kwenye waya. Ikaendelea kulia. Haikuwa na mapumziko.

"Kasmir."

"Naam."

"Si ilikatazwa kulia asubuhi?"

Tulitazamana. Kasmir akanyakua mtaimbo uliokuwa kwenye mkokoteni wake, akaruka tuta, mimi nyuma yake na magoti yangu haya.

Ngazi za juu kavu. Za katikati kavu. Tukapiga kona, taa hakuna, na mguu wangu ukaingia kwenye maji. Yalikuwa ya kahawia, yananuka choo, baridi, na yanatembea. Tulivyosonga mbele yakatupanda magotini, yakatupanda mapajani. Juu honi inalia, huku chini inasikika kama mtu analia ndani ya pipa.

"Mama Joy!"

"Niko huku! Njoo ushike hili!"

Kasmir akawasha tochi ya... hapana, simu ilikuwa imefungwa kama maiti. Tulipapasa. Mwanga kidogo kutoka kwenye tundu la hewa ukatuonyesha. Marobota ya chini yamelowa, yamelainika, mlima mzima umeporomokea mlangoni. Mama Anaeli yuko juu ya lundo, upande wa ndani, mgongo wake unagusa dari, amekumbatia robota moja la nailoni. Aliona maji yakiingia, badala ya kutoka akaanza kupandisha mali. Robota moja kwanza, halafu lingine moja, halafu lingine. Ufunguo ulimponyoka, uko majini.

"Hili la Mtwara!" alisema. "Pitisheni hili kwanza!"

"Mtwara watalalia majani, mama! Sogea!"

Kasmir akapitisha mtaimbo kwenye nondo, akatia ncha kwenye kufuli la ndani. Akakandamiza. Likagoma. Maji yalikuwa yamefika kiunoni kwangu, na mimi ni mrefu. Akakandamiza tena, akiita majina ya kwao ambayo sikuyaelewa, kufuli likakatika kama biskuti. Nilimuuzia Mama Anaeli mimi mwenyewe kufuli lile, nikimwapia kwamba halivunjiki. Sijawahi kufurahi hivyo kwa uongo wangu.

Mlango haukufunguka. Marobota yalikuwa yameulalia, na shuka likinywa maji linakuwa jiwe. Tukasukuma wote wawili kwa mabega, na Mama Anaeli kule juu akasukuma robota kwa miguu, gambuti moja ikachomoka. Upenyo ukapatikana, mwembamba wa kupita mtu mmoja kwa ubavu. Akakataa kuachia robota la Mtwara. Kasmir akalipiga ngumi likaanguka, akamvuta mama mkono, akamtupa mgongoni.

Tulipofika ngazi kavu nikageuka. Nyuma yetu kitu kilitoa sauti nzito, ukuta ule, na maji yakapanda ngazi mbili kwa mara moja kama yanatufuata. Hatukusubiri kuona.

Juu, watu walishajaa kwa sababu ya honi. Kasmir akamkalisha mama kwenye kigoda changu, gambuti moja mguuni, mguu mwingine mtupu. Akainama, anahema.

"Hujanitajia bei," Mama Anaeli alisema.

"Ya nini, mama?"

"Ya kunibeba. Nimesikia mlivyokuwa mnasema. Mnene bei juu."

Kasmir akacheka mpaka akakaa chini kwenye maji ya barabarani, na mama akaanza kulia.

Joyceline alifika na bodaboda, viatu vya mkutanoni mkononi, blauzi imemganda. Alimwona mama yake. Alipita moja kwa moja hadi kwenye kiboksi, honi bado inapiga makelele, akanyoosha mkono kuchomoa waya.

"Iache," mama yake alisema.

"Hatari imepita, mama. Inapiga kelele tu."

"Iache ilie."

Ikalia. Joyceline akachuchumaa mbele ya kigoda, akaanza kuupangusa ule mguu mtupu kwa kitambaa chake. Mama yake akamtazama utosini.

"Si ulisema leo una wageni. Umewaacha na nani?"

"Na mkuu wangu."

"Na ile hesabu yako uliyokuwa unaisubiri?"

"Imekufa."

"Nani kaiua?"

"Mimi."

"Ilikuwa ya kutafuta nini hasa? Uliwahi kuniambia, sikusikiliza."

"Maji yataingia wapi."

Mama akageuza shingo, akatazama shimo la ngazi, maji ya kahawia yanacheza pale katikati, shuka moja jeupe linaelea juu yake.

Kompyuta kubwa walipewa wale wengine, kama ilivyoahidiwa. Joyceline alipewa onyo la maandishi, na mkataba haukuongezwa. Dokta Athanas alikuja mwenyewe hadi hapa kumpa habari, ndani ya suti, akanunua kufuli ambalo nadhani hakulihitaji. Akasimama sana mbele ya kiboksi. Alimwambia foleni itafunguliwa tena mwakani, aombe kama mtu wa nje, yeye atamwandikia barua. "Lakini kila kitu kikae mahali pake, Joyceline. Utafiti huku, honi huku."

"Nimeshaihamisha, dokta," alimjibu, akagonga kiboksi kwa ukucha. "Sasa akili yake iko humu humu."

Stoo zilikauka, ukuta ukajengwa upya, na watu wakarudisha mali chini, maana juu hakuna nafasi na kodi haikamatiki. Maji ya kufungulia wanamwaga kama zamani. Honi inalia kila asubuhi, hakuna tena sharti la kuikataza. Ikilia wote wanapanda, wanasimama barabarani na mafagio yao, wananung'unika kwamba bahati inapotea. Wa kwanza kutokea juu huwa Mama Anaeli na ndoo yake tupu. Kasmir anashuka peke yake na tochi, anakaa huko, sisi tunasubiri, na mpaka atoe kichwa kwenye kona hakuna anayefanya utani.

"Ni ndoo tu," anasema.

Ndipo mama anashuka tena.